Anti, nalala masaa tisa na bado sishibi usingizi

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu, naomba usinitaje jina. Mi ni binti wa miaka 27 niko huku Kanda ya Ziwa, nina sikoseli, niligundulika nikiwa na miaka mitatu kwa hiyo huu ugonjwa nimekua nao, maumivu yake nayajua, mgongo ukianza tu kunivuta najua leo ipo kazi. Sasa kinachonifanya nikuandikie sio maumivu, ni usingizi.

Anti mi nalala. Sio kwamba nakosa usingizi, napanda kitandani saa tatu usiku naamka saa kumi na mbili asubuhi, lakini naamka kama mtu aliyekesha msibani. Kichwa kizito kinauma hapa mbele, mdomo mkavu, na hiyo hali inaenda hadi saa nne saa tano ndo angalau nachangamka, alafu mchana nalala tena nikiwa nimekaa. Nina kibanda cha uwakala wa miamala ya simu, mwezi uliopita mteja kaniletea elfu 24 nimuwekee, mi nikaandika 240,000 nikabonyeza nikatuma, kuja kushtuka mtu kashaondoka na simu haipatikani. Mpaka leo nalipa hiyo floti. Kwenye daladala nimeshapitilizwa kituo sijui mara ngapi. Yani mwaka na nusu sasa naishi hivi.

Kliniki nimeshasema, mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia dokta nachoka sana, akaangalia damu ikawa 7.2, akaniambia kwa mtu wa sikoseli kuchoka ni kawaida, kunywa maji lita tatu, pumzika. Mara ya pili dokta mwingine hata kichwa hakuinua, akasema hayohayo. Nikaona ntaonekana nadeka. Mama mdogo yeye anasema ni majini, kwa sababu kuna usiku nashtuka kama nimekabwa shingo natafuta hewa, kanipeleka kwenye maombi mara tatu. Duka la dawa wakanipa Valium vidonge vitano nikavimeza usiku tano mfululizo, nililala kama gogo ila asubuhi nilikuwa mbaya kuliko siku zote. Nikiumwa huwa natumia tramadol ya hospitali.

Alafu usiku naamka kukojoa mara tatu mpaka nne, na maumivu siku hizi yanapenda kuanzia alfajiri. Mdogo wangu ninayelala nae anasema nakoroma kama mzee, alafu nanyamaza kimya, alafu nashtuka nakoroma tena, yeye anacheka tu.

Anti ndo nitaishi hivi? Au kuna daktari wa usingizi, na nikienda niseme nini ambacho sijasema?

Mchovu wa Kanda ya Ziwa

Anti anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana na hiyo laki mbili na kumi na sita, najua mtaji wa kibanda ulivyo mdogo.

Nianze na kitu ulichokiweka mwishoni kabisa kama vile ni cha kuchekesha, mdogo wako anachokisikia usiku. Unakoroma, unanyamaza, unashtuka, unakoroma tena. Mwanangu hicho kimya ndicho kilichonifanya nichukue barua yako kabla ya nyingine zote, maana inawezekana kabisa kwamba muda ule umenyamaza kimya hupumui. Koo linajifunga ukiwa usingizini, hewa haipiti, sekunde kumi, ishirini, wengine zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka unakuamsha kidogo tu, hata macho hufungui, koo linaachia, unavuta pumzi kwa nguvu ndo ule mkoromo mkubwa, unazama tena. Asubuhi hukumbuki hata kimoja. Kwa mtu ambaye hali yake ni mbaya hii inaweza ikatokea zaidi ya mara thelathini kwa saa moja. Sasa wewe unahesabu masaa tisa ya kitandani, lakini mwili wako haujapewa masaa tisa, umepewa vipande vipande. Ndo maana hushibi. Na kile kukabwa shingo ukitafuta hewa kinafanana sana na hicho hicho, kichwa kuuma asubuhi na mdomo mkavu navyo vinaingia humohumo.

Sijakupima kwa hiyo sisemi ndio. Nasema hili ni jambo la kupimwa, na mpaka leo hakuna aliyelipima.

Nimefanya kazi ya unesi wodini miaka mingi na kuna kijana mmoja wa sikoseli simsahau. Mchana kutwa analala, chakula kinapoa pembeni, kila mtu anasema huyu mvivu, hata mama yake alianza kuamini. Nikaingia zamu ya usiku nikakaa na taa ya kitochi pembeni ya kitanda chake nikawa naangalia kifua. Kilikuwa kinasimama. Nilimuwekea kile kimashine cha kubana kidole, namba ikawa inashuka mbele ya macho yangu kila kifua kikisimama na inapanda akishtuka. Asubuhi nilimsubiri dokta mlangoni. Nakwambia hivi ujue kwamba jambo hili linaweza likawa lipo kwenye kitanda miaka na faili halina hata mstari mmoja, kwa sababu madokta wanakuona mchana na ugonjwa unatokea usiku.

Kwa watu wa sikoseli hili lina uzito wa peke yake. Chembe zako nyekundu zikikosa oksijeni ndo zinajikunja kuwa kama mundu, ndo hilo jina selimundu lenyewe, kwa hiyo usiku ambao oksijeni inashuka na kupanda sio usiku mzuri kwako hata kidogo, na hayo maumivu ya alfajiri usiyaache nje ya maelezo yako ukienda. Siwezi kukuapia kwamba yanatokana na hapo, ila dokta anatakiwa kujua yanaanza saa ngapi. Na watu wa sikoseli, hasa wakiwa watoto lakini hata wakubwa, mara nyingi wana tonsesi kubwa na nyama za puani, njia ya hewa inakuwa nyembamba toka mwanzo. Kwa hiyo hata ukiwa mwembamba usikubali mtu akwambie kukoroma ni kwa wanene tu.

Sasa nimtetee kidogo yule dokta wa kwanza. Damu 7.2 inachosha kweli, hajakudanganya. Ila uchovu wa damu pungufu unauona zaidi ukipanda ngazi, ukibeba ndoo, moyo unaenda mbio, unakaa unapata nafuu. Wewe unaniambia asubuhi ndo pabaya kuliko mchana, na unasinzia umekaa. Hivi vinaweza kuwepo vyote viwili kwa mtu mmoja, na ndo hapo kosa linapotokea, kimoja kikishapata jina kile kingine kinasukumiwa humohumo. Wewe pia ulimsaidia kukosea, samahani mwanangu lakini nakuambia kwa upendo, ulisema "nachoka". Kila mgonjwa kwenye ile foleni anasema anachoka. Dokta ana watu hamsini nje, neno kuchoka halimpi pa kushika.

Safari hii sentensi ya kwanza ukishakaa kwenye kiti, kabla hata hajakuuliza maendeleo, iwe hii: "Dokta, nalala masaa tisa naamka sijashiba usingizi, nakoroma, mdogo wangu anaona pumzi inakata, na nasinzia kazini." Basi. Usianze na maumivu, ukianza na maumivu mtaishia kwenye maumivu. Iandike kwenye karatasi uisome kama unaogopa kusahau, hakuna aibu.

Na uende na ushahidi. Leo usiku mwambie mdogo wako asicheke, achukue simu, akurekodi dakika mbili tatu pale ukishaanza kukoroma, kifua kionekane na sauti isikike, ahesabu na zile sekunde za kimya. Akurekodi siku tofauti tofauti, na moja iwe ya kuelekea alfajiri maana koroma za namna hii zinaweza kuzidi huko. Video ya namna hiyo mbele ya dokta ina nguvu kuliko maneno yako na yangu. Tena ikiwezekana nenda nae mdogo wako mwenyewe aingie ndani, yeye ndo shahidi, wewe ulikuwa umelala. Na uwe na kijidaftari, wiki mbili tu, unaandika umelala saa ngapi, umeamka kukojoa mara ngapi, maumivu yameanza saa ngapi, umemeza dawa gani, mchana umesinzia wapi.

Kuna kipimo kimoja cha maswali unaweza kujifanyia hapohapo kibandani, kinaitwa Epworth, alikitunga daktari mmoja wa Melbourne, Australia mwaka 1991 na mpaka leo madokta wanakitumia. Unajiuliza uwezekano wa kusinzia kwenye hali nane: ukiwa unasoma, ukiangalia TV, ukiwa umekaa tu mahali pa watu kama kikaoni, ukiwa abiria kwenye gari lisaa limoja bila kusimama, ukijilaza mchana, ukiwa umekaa unaongea na mtu, ukiwa umekaa kimya baada ya chakula cha mchana, na ukiwa kwenye gari lililosimama dakika chache foleni. Kila moja unajipa 0 kama husinzii kabisa mpaka 3 kama uwezekano wa kusinzia ni mkubwa. Ikizidi 10 sio kawaida. Kwa unavyonieleza hiyo 10 utaipita hata kabla hujamaliza, nayo iandike kwenye karatasi yako, namba inaingia kwenye faili kirahisi kuliko huzuni.

Umeniuliza kama kuna daktari wa usingizi. Wa jina hilo ni wachache mno kwetu, usimsubiri. Anza na kliniki yako ya sikoseli, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie tonsesi na njia ya hewa, na daktari wa magonjwa ya ndani au wa kifua kwa habari ya oksijeni. Omba wakupime oksijeni pale mezani ukiwa macho, ni dakika moja, lakini usikubali iishie hapo, maana mtu anaweza akawa na namba nzuri mchana akadondoka usiku. Ya usiku ndo unayoitaka. Kile kipimo kamili cha kulala hospitali na nyaya kichwani na kifuani kipo sehemu chache na sio bei rahisi, lakini kile kidogo cha kidole kinachorekodi usiku kucha kinaweza kupatikana, na hata kulazwa usiku mmoja wodini nesi akaandika namba kila baada ya muda ni mwanzo, ingawa ikitoka nzuri haimaanishi shida haipo. Uliza bima yako inalipa kipi kabla hujaenda, usije ukafika dirishani ndo unaambiwa.

Dokta akirudia "ni kawaida ya sikoseli", usigombane, muulize kwa upole, "Sawa dokta, tunaweza kupima oksijeni ya usiku ili tujue sio hilo?" Na umuombe aandike kwenye faili kwamba umelalamika usingizi. Wengi wakishika kalamu kuandika ndo wanaanza kufikiri upya.

Kuhusu mkojo. Figo za mtu wa sikoseli mara nyingi haziwezi kubana mkojo vizuri, za mwenzako usiku zinatengeneza mkojo kidogo mzito, zako zinaendelea kumwaga maji tu, kwa hiyo kuamka kwako ni kwa kweli sio mazoea. Na pumzi kukatika usiku kwenyewe kunaongeza mkojo, vinashikana. Maji usipunguze hata glasi moja, nisieleweke vibaya, ila naona kama unamalizia lita zako jioni baada ya kufunga kibanda. Hamisha. Anza asubuhi mapema, chupa iwe pembeni ya simu zako za kazi, mpaka saa kumi na mbili jioni sehemu kubwa iwe imeisha, usiku unywe kiu tu, na kikombe kiwe karibu ukiamka koo limekauka. Siku ya maumivu au homa hiyo ratiba isahau, kunywa muda wote. Na wakupime mkojo kuangalia protini na damu kuangalia kreatinini, figo zenu zinahitaji kuchungwa mapema.

Sasa Valium. Hapa naomba unisikilize kama mama. Usiirudie. Ile dawa inalegeza koo na inapunguza kasi ya kupumua, na tramadol nayo inapunguza pumzi, viwili vikikutana kwa mtu ambaye pumzi yake tayari inakatika usiku, kuna watu hawakuamka. Ndo maana ulilala kama gogo na asubuhi ukawa mbaya zaidi. Mwambie dokta uliimeza, siku ngapi, usifiche. Tramadol usiiache kwa kuogopa maneno yangu, maumivu ya sikoseli hayavumiliwi bure, ila ajue unaitumia na unakoroma ili aamue dozi. Piriton ya kutafutia usingizi pia achana nayo, inakuachia uzito asubuhi.

Kingine watu wanachokosea, wakisikia damu ndogo wanakimbilia vidonge vya madini ya chuma. Kama umeshaongezewa damu mara nyingi, chuma kinaweza kuwa kimejaa mwilini hadi kinadhuru ini na moyo, kwa hiyo hapana mpaka upimwe feritini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma. Kwa upande mwingine, kama miguu inakuwasha au kukuvuta usiku mpaka uichezeshe ndo upate nafuu, hukusema hivyo lakini kama ipo sema, maana hiyo nayo inavunja usingizi na mara nyingine inatokana na chuma kupungua. Ndo maana nasisitiza kipimo. Waangalie na tezi ya shingo, na kama hujawahi kufanyiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kwa umri wako uliza, presha ya mishipa ya mapafu ipo kwa baadhi yenu na inachosha vibaya. Na kama hutumii haidroksiurea, uliza kwa nini hutumii. Ni dawa ya kila siku, inapunguza maumivu na inapandisha damu kwa wengi, lakini kwa binti wa umri wako mwambie dokta mapema kama unafikiria mimba.

Wakikuta kweli pumzi inakata, dawa zake zipo. Kuna kutoa tonsesi, ila kwa sikoseli upasuaji unaandaliwa, maji, oksijeni, na mara nyingi unaongezewa damu kabla, kwa hiyo ufanyike hospitali inayojua sikoseli na waambie mapema. Kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku, bei yake inauma lakini kuna watu wamerudi kuwa watu kwa ajili yake. Wengine oksijeni ya usiku. Kwa sasa hivi wakati unasubiri lala ubavu, sio chali, shona mto mgongoni ukibidi, na nyanyua kichwa kidogo.

Mama mdogo usimkatalie maombi, anakupenda, anafanya anachokijua. Muombe tu akupe na nauli ya kliniki. Mi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu akishtuka usiku anasomewa, na sioni ubaya, ubaya ni pale miezi inapopita na hakuna aliyepima pumzi. Halafu niulize jambo moja kwa sauti ya chini, je, moyo wako ukoje? Mwaka na nusu wa kuitwa unadeka unamchosha mtu hata rohoni, na kukosa raha kwa muda mrefu nako kunaharibu usingizi. Kama kuna siku huoni haja ya kuamka, mwambie dokta na hilo, sio udhaifu, linatibika.

Na wasomaji wangu wa kiume wenye sikoseli, najua mnasoma kimyakimya. Ule uume kusimama usiku kwa maumivu na kukataa kulala ni sehemu ya ugonjwa, ni tatizo la mishipa ya damu, usione haya kulisema kliniki. Ukizidi masaa manne ni dharura, nenda usiku huohuo, ukisubiri kukuche unaweza kupoteza nguvu zako moja kwa moja.

Mwanangu, ukipata homa ya 38.5 au zaidi, kifua kikauma au pumzi ikabana mchana, uso au mkono upande mmoja ukalegea au maneno yakakwama, usingoje siku ya kliniki wala rufaa, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kazini, kwa wiki hizi, miamala mikubwa ifanye asubuhi ukishachangamka, saa nne tano kwenda mbele, na kabla hujabonyeza kutuma msomee mteja kiasi kwa sauti yeye aseme ndio. Pikipiki kama unaendesha, acha kwanza.

Mpe mdogo wako simu leo. Ukishapimwa niandikie namba ya oksijeni ya usiku ilikuwa ngapi, na kama watakataa kukupima niandikie pia walisema nini, neno kwa neno, tutajua pa kugonga tena.